Macho ya Droo ya Tatu

Droo ya kwanza ina mirija myeupe ya kioo.
Ya pili, vijiti vya rangi: kijivu, kahawia,
na buluu kumi na saba ambazo baba yangu Ottfried
alizitambua kwa mlio, akizigonga mezani.
Ya tatu huvutika kwa shida. Humo, juu ya pamba,
yamelala macho tuliyoyakataa.

Hili lilizidi weupe. Hili lilitoka na kiputo.
Hili mwenyewe alifariki kabla ya kuja kulichukua,
nami sikujua nimpelekee nani.

Gerwin Beyerlein alikuja mwezi wa Machi
akinuka unga wa misonobari wa kiwanda cha mbao.
Volkmar, mdogo wake, alirusha mshipi
bila kutazama nyuma.
Ndoano ikamkuta.
Hakusema zaidi, wala sikumchimba:
kazi yangu huanza pale habari inapoishia.
Nikamkalisha dirishani, nikapuliza tufe,
nikalichora mboni mshipa kwa mshipa,
moto ukikoroma kama paka aliyeshiba.

Jicho la kwanza likatoka na buluu ya Januari.
Lake lililobaki lilikuwa la Machi.
Nikalitia droo ya tatu, nikaanza upya.
La pili lilimkaa. Akajitazama kwenye kioo,
kioo kikatazama kioo,
akalipa, akavaa kofia, akaenda.

Akarudi Septemba, na si kwa maumivu.
"Lile ulilolikataa," akasema, "bado unalo?
Nataka unitengenezee chambo."

Mimi na samaki tulikuwa tukijuana sahanini tu.

Siku nne nilipasua.
Waya ya shaba na kioo havipoi kwa mwendo mmoja:
kimoja hunywea upesi, kingine hujivuta,
na usiku wa manane unasikia karakanani, ti!
kama mtu aliyekata shauri.
Mwishowe nikaacha kuviozesha.
Nikapuliza mwili mtupu, mnene kama yai la njiwa,
mrefu kuliko kidole cha shahada,
nikaubandika jicho ubavuni,
nikauzika kwenye majivu ya moto hadi kesho kutwa
upoe kwa adabu.
Kisha waya katikati, isiguse popote,
vizibo vya mvinyo huku na huku viwe mito,
risasi tatu tumboni zicheke kidogo majini,
na mkiani ndoano ya meno matatu.
Hiyo nilimwachia aifunge mwenyewe.
Vidole vyake havikutetemeka.
Vyangu ndivyo.

Macho hayana pazia, husema watu.
Hili halikuwa hata na kope.

Bwawani kulikuwa na ukungu na mtu wa tatu,
amesimama mbali na maji, mikono mifukoni,
kama aliyekuja kumsindikiza mgeni asiyemjua.
Tangu siku ile Volkmar hakuwa ameshika fimbo ya kuvulia.
Gerwin akamtilia fimbo mkononi.
"Rusha wewe."

Akatazama nyuma. Akatazama kushoto.
Akatazama nyuma tena.
Nilikuwa hatua arobaini kutoka kwake, nikasogea zaidi.
Hata Gerwin akapoteza subira:
"Hakuna mtu, bwege wee! Nimesimama mbele yako!"

Kikaruka. Jua jembamba likapita ndani yake
na kwa nukta moja nikaona buluu yangu ya Januari
hewani, mahali pake hasa.

Hecht akaja, samaki mrefu mwenye mdomo wa bata
na roho ya mtoza ushuru.
Akakifuata hadi ukingoni. Akakitazama.
Kikamtazama.
Akageuka, akaenda zake.

Wakarusha hadi chai ikapoa kwenye chupa,
wakibishana ni nani aliyevuta haraka mno,
na sikuona samaki hata mmoja akitoka.

Sasa wavuvi wananijia, watu wazima,
wanaifungua droo bila kuniomba ruhusa.
Nawauzia yenye kiputo, yaliyozidi weupe,
la kengeza, la kijani lisilo la mtu.
Lile la marehemu nimelihamishia droo ya kwanza,
nyuma ya mirija.
Wakiliuliza nasema halielei,
nao, wanaotaka chambo kinachozama,
hubaki wananitazama.